Vikaratasi ndani ya Peponi

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi, na Mama anakusalimu sana.

Hatimaye naisoma Peponi, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah uliyonihimiza tangu mwaka jana. Nimefika katikati. Safari hii kila nikifunga kitabu naandika mistari mitatu minne kwenye kikaratasi, natia tarehe, nakichomeka palepale nilipoishia. Kitabu kimeshavimba.

Jana usiku nilivirudia vya mwanzo. Cha kwanza kabisa ni cha Aziz, yule mfanyabiashara anayekuja kwao Yusuf na kuitwa ndugu. Kinasema: “Huyu Aziz ana huruma. Kila akiondoka humpa mtoto sarafu ya anna kumi. Laiti kila mtoto angekuwa na ndugu kama huyu.” Niliyaandika hayo kwa moyo mmoja, Zuhura! Kikaratasi kinachofuata ni cha siku mbili baadaye. Yusuf, mtoto wa miaka 12, ameshapandishwa treni, ameshafika dukani kwa Aziz, na Khalil, kijana anayeuza hapo, amemwambia wazi kwamba Aziz si ndugu yake: baba yake Yusuf ana deni kwa Aziz, na Yusuf ndiye rehani. Hapo nimeandika mstari mmoja tu, penseli imekaribia kutoboa karatasi: “Kumbe na mimi nilinunuliwa kwa zile anna kumi.”

Ningengoja nimalize ndipo niandike, ningeapa kwamba nilimshtukia Aziz tangu mwanzo. Shuleni tulizoeshwa kungoja: dhamira, ujumbe, wahusika, basi. Sisemi hayakutufaa, mtihani tulifaulu. Ila hakuna aliyewahi kutuuliza tulihisi nini pale tulipokuwa bado hatujui, na mimi naona mwandishi ametaabika sana kutuweka palepale, gizani pamoja na mtoto.

Sasa nimekwama kwenye ile bustani yenye ukuta. Yusuf anaitamani, mimi naiogopa. Yule mzee anayeitunza, Mzee Hamdani, mbona kimya hivyo? Nimemwandikia vikaratasi vitatu na kila kimoja kinapingana na mwenzake. Vyote nimeviacha.

Wewe ulishamaliza, tafadhali usinidokeze kitu. Lakini riwaya utakayoanza sasa, anza nayo na penseli. Ukija Idi, njoo nayo na vikaratasi vyake humohumo, visivyofutwa. Tutabadilishana vitabu, tusome tulivyokosea, halafu ndipo tuhadithiane miisho.

Wako,
Mwanaidi