Ratiba ya alalili isipangwe kwa ng'ombe peke yake

Ndugu Mhariri,

Kijiji kinapokaa kupanga malisho katika wilaya zetu za Simanjiro, Longido na Monduli, karibu maneno yote huwa ya ng'ombe. Alalili, yale maeneo yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi zibaki kwa ajili ya kiangazi, hufunguliwa ng'ombe wanapoanza kukonda, na kondoo hufuata nyuma wakiokoteza kilichobaki. Utaratibu huo umeokoa mifugo mingi na siupingi. Ninachoomba ni kwamba kondoo naye ahesabiwe katika ratiba.

Kondoo hubeba mimba kwa takriban miezi mitano, hivyo jike aliyepandwa Juni, nyasi zikiwa bado nzuri, huzaa Novemba. Wiki za mwisho za mimba, ambapo mtoto hukua kwa kasi na kiwele hujiandaa, huangukia Oktoba, wakati mbuga imekauka. Akikosa chakula hapo, mwanakondoo huzaliwa mwepesi, maziwa huwa haba, na aliyezaa pacha huenda akamkataa mmoja. Wazee walimfunga dume ngozi tumboni ili asipande ovyo; siku hizi wengi tumeiacha, na uzazi hauna tena msimu.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, ni minyoo inayofyonza damu katika tumbo la nne la kondoo. Mnyoo jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku, na penye joto na unyevu viluwiluwi, yaani minyoo michanga, huweza kuwa tayari juu ya majani kumwingia kondoo katika muda wa wiki moja hivi, ilhali jua kali la kiangazi huwaua. Kwa hiyo mvua za kwanza hukuta mbuga ikiwa karibu safi, na ni kondoo wenyewe wanaoichafua upya, hasa kandokando ya boma wanakochungwa asubuhi nyasi zikiwa na umande. Mchungaji akibadili upande kila baada ya siku nne au tano, asirudi kabla ya mwezi kupita, na ng'ombe wakapitishwa pale katikati, kondoo wataokota minyoo michache zaidi, kwa kuwa minyoo hiyo haistawi vizuri ndani ya ng'ombe. Hakuna uzio unaohitajika.

Wanaokimbilia Dorper, kondoo wa nyama wa kigeni, kwa sababu ya ukubwa wake wanahitaji mzunguko huu kuliko wengine. Utafiti uliofanywa Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa kondoo mwekundu wa Kimaasai huistahimili minyoo vizuri zaidi kuliko Dorper. Dawa nayo isinyweshwe kundi zima siku ya kuhama, kwani minyoo itakayosalia ni ile sugu tu. Wapewe wale ambao ngozi ya ndani ya kope zao imepauka.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake. Naziomba halmashauri zitenge sehemu ya alalili iliyo karibu na maji, ifunguliwe mwishoni mwa Septemba kwa majike wenye mimba peke yao, na maafisa mifugo wahudhurie mikutano hiyo mapema, kabla nyasi hazijaisha.

Mfugaji,
Simanjiro, Manyara