Wiki Inayohesabiwa kwa Usiku

Mwanangu mpendwa,

Picha ya ule ukurasa imefika, na neno ulilolipigia mstari nimeliona. Wala si kosa la mchapaji. "Sennight" ni Kiingereza cha zamani, na maana yake ni wiki moja tu. Lilianza kama maneno mawili, "seofon nihta", yaani usiku saba, ulimi ukayasaga mpaka yakawa moja. Nduguye "fortnight", usiku kumi na nne, yu hai bado: Mwingereza akikwambia atakulipa baada ya fortnight, hesabu wiki mbili. Huko Marekani uliko ni nadra kulisikia.

Sennight ndilo lililochoka. Katika Macbeth ya Shakespeare mchawi anaapa kumtesa baharia kwa sennight tisa mara tisa. Nimezipigia hesabu, ni siku 567! Jane Austen alikuwa akiliandika mwanzoni mwa karne ya 19. Siku hizi limebaki vitabuni.

Lakini kwa nini usiku? Mrumi Tacitus, mnamo mwaka 98, aliandika kwamba makabila ya Wajerumani hayahesabu siku, yanahesabu usiku, kwa sababu kwao usiku ndio unaotangulia mchana. Kiingereza kimetoka tumbo hilohilo.

Hapo nilicheka peke yangu. Kwani sisi tunafanyaje? Mwezi ukiandama, tarawehe inaswaliwa usiku uleule, na saumu inafuata asubuhi. Jua likizama Alhamisi, huo ni usiku wa Ijumaa. Mimi hilo nililisahau mara moja. Nilikuwa nimerudi kutoka bara, kichwani kalenda ya ofisini, nikaalikwa maulidi usiku wa Ijumaa. Nikaenda Ijumaa yenyewe baada ya isha, kanzu imenyooka kwa pasi, udi unanukia. Nikakuta mikeka imekunjwa na masufuria yameegemezwa ukutani yakauke. Mwenye nyumba hakusema neno. Aliingia ndani akatoka na sahani ya pilau ya jana, akakaa nami hadi nikamaliza.

Mama yako anasema ukituandikia tarehe ya kurudi, utaje na usiku wa kuamkia siku gani. Hataki baba yako aende uwanja wa ndege kesho yake.

Baba yako