Risala ya Mama Lishe na Baba Lishe wa Sokoni kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mafunzo ya Usalama wa Chakula

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa soko, Bwana Afya wetu wa kata, wenzetu wa vizimbani na wateja mliovumilia jua: itifaki imezingatiwa.

Karibu sana sokoni. Tunakushukuru kwa kuja, na zaidi kwa kuja siku ambayo hakuna anayeumwa. Mheshimiwa, tumezoea kuyaona magari ya serikali hapa kipindupindu kikishaingia.

Agosti 2015 ugonjwa huo ulilipuka Dar es Salaam, ukasambaa karibu nchi nzima, na sehemu nyingi kuuza chakula kando ya barabara kukapigwa marufuku. Sisi pia tulifungiwa. Amri ilitufikia saa nne asubuhi, maharage yameshaiva. Yalimwagwa, na marejesho ya mkopo hayakusubiri. Hatukulalamikia zuio lenyewe, maana kipindupindu kinaua kwa saa chache. Kilichotuuma ni kwamba bomba la soko lilikuwa kavu wiki ya tatu, tunanunua maji ya madumu kwenye mkokoteni bila kujua yametekwa wapi, na hakuna aliyewahi kuja kuyapima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafunzo haya yametufumbua macho, mengine kwa aibu. Beseni moja la kuoshea sahani kutwa nzima tumeliacha. Sasa kila kibanda kina ndoo yenye koki na sabuni. Kiporo cha wali kilitushtua zaidi. Wengi tuliamini ukikipasha moto sana kimepona, kumbe wali uliolala nje ya friji unaweza kuwa na sumu ambayo moto hauiondoi. (Mwenzetu mmoja aliuliza, je, kile tunachokula wenyewe usiku? Jibu lilikuwa lile lile.)

Sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wa nafaka, nayo haifi jikoni. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, wagonjwa 68 walibainika na 20 kati yao walifariki, kwa mahindi yaliyoota kuvu ghalani. Magunia yetu hutoka Kibaigwa mkoani Dodoma na Kiteto mkoani Manyara, hivyo habari hiyo ni ya nyumbani. Tangu 2019 usalama wa chakula umehamia Shirika la Viwango (TBS) kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Kwa mwenye majiko mawili ya mkaa, mabadiliko hayo yalileta swali moja tu: unga ukinuka uvundo, nimwambie nani? Bwana Afya ametujibu kwamba tuanzie kwake. Tunaomba apewe usafiri wa kuchukua sampuli, kwa sababu leo anazunguka kata nzima kwa miguu.

Tunakubali kupima afya kila baada ya miezi sita. Shida ni kwamba foleni ya zahanati huanza saa ile ile tunayochemsha chai ya abiria. Wataalamu wakija sokoni alfajiri moja tu kila nusu mwaka, hakuna atakayekwepa. Na cheti cha vipimo hivyo, Mheshimiwa, hakitusaidii sana ikiwa choo cha soko kinafungwa kwa kufuli saa kumi jioni, nasi tunauza hadi saa tatu usiku.

Tulilokusudia hasa kulisema ni hili. Mteja wetu wa kila siku asipoonekana siku mbili, na jirani yake akasema anaharisha na kutapika, sisi tunajua kabla ya zahanati. Namba 199 ya kupiga simu Wizara ya Afya tunayo. Lakini anayepiga anaogopa kwamba kibanda chake ndicho kitakachofungwa kwanza, basi ananyamaza, na siku tatu zinapita. Tunaomba utuhakikishie mbele ya mkutano huu kwamba atakayetoa taarifa mapema atapelekewa klorini na mtaalamu kabla ya kufuli, na ikibidi afungiwe, aambiwe kwa maandishi ni kwa siku ngapi na afanye nini ili afunguliwe.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati, na ya wilaya unaiongoza wewe. Katika kamati ya kata yetu tunaomba nafasi ya mjumbe mmoja kutoka jikoni. Mafuriko yakija, watu watahifadhiwa shuleni na watahitaji kula siku hiyo hiyo. Masufuria makubwa tunayo, na mikono iliyofundishwa sasa ipo. Tunachokosa ni mtu wa kutuita, na tanki la maji safi lililokaa tayari kabla ya mvua za masika.

Mheshimiwa, chakula kimeiva na kiko kwenye hotpoti tangu saa sita, hakijapoa. Ndoo ya kunawia iko pale mlangoni, na tunaomba uanze wewe.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi