Presha ya dizeli ipimwe mlimani, siyo uani kwa fundi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na wenye malori wa hapa Mwanza, hasa wanaobeba mzigo wa Sirari, Isaka na Geita. Lori lenye tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa ya ziada) likikosa nguvu, neno la kwanza gereji huwa ni "pampu imekufa". Pampu inashushwa, inapelekwa kwenye mashine, pesa inatoka, na lori likirudi barabarani linakwama mlima uleule. Mara nyingi pampu kubwa, yaani ile ya nozeli, ilikuwa nzima, ila ilikuwa na njaa ya dizeli.

Kabla ya kushika spana, tazama ekzosi. Nguvu hakuna na moshi ni mweusi tii, hapo kinachokosekana ni hewa: hozi ya intakula (kipooza hewa ya tabo) imepasuka au chujio la hewa limeziba. Nguvu hakuna na moshi nao hakuna, basi mafuta hayafiki. Lakini angalia kwanza ule mpira mwembamba unaotoka kwenye manifodi hadi kwenye kofia ya pampu ya nozeli. Ndio unaoiambia pampu kwamba tabo imejaza hewa, sasa iongeze dizeli. Ukikatika, pampu inaendelea kupima mafuta kama vile injini haina tabo. Mpira huo ni wa bei ndogo, na tumeona pampu zikishushwa kwa ajili yake.

Kwa nini mlimani? Injini ya kilowati 180 ikifanya kazi yote inachoma karibu lita 45 za dizeli kwa saa, yaani robo tatu ya lita kila dakika. Pampu ndogo ya kuvutia inatakiwa kupeleka mara kadhaa ya hapo, kwa sababu dizeli inayozidi ndiyo inayopooza pampu kubwa na kurudisha hewa tenkini. Ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa, injini inatumia kidogo mno, hata pampu iliyochoka inaonekana hodari. Fundi anayepima lori limesimama uani, kisha anasema "presha ipo", amepima kitu kingine.

Tafuta geji ya presha ya bar 0 hadi 4, hozi ya dizeli ya mita 3 na kiungo cha T. Kifunge kati ya chujio na mlango wa pampu ya nozeli, ukiweka washa mpya za shaba pande zote mbili za bolti yenye tundu. Pitisha hozi mbali na ekzosi, kisha geji uifunge nje ya kioo cha mbele, chini ya waipa, dereva aione. Usiiingize kwenye kebini. Hozi ikichomoka humo, dizeli itakumwagikia mapajani ukiwa kwenye mteremko. Mshale utatetemeka kwa sababu pampu ya pistoni husukuma kwa mapigo, hivyo bana njia ya geji kwa koki ndogo mpaka utulie.

Kwa pampu nyingi za mstari (zile zenye pistoni zilizopangwa safu moja), sailensi itoe bar 1 au zaidi, na ukikanyaga bila mzigo ipande. Namba kamili iko kwenye kitabu cha injini, na hiyo ndiyo ya kufuata. Kisha pakia, panda mlima kwa gia kubwa, mguu chini, tabo ikiwa imejaa. Mshale ukianguka chini ya nusu bar na kubaki huko, umepata mgonjwa.

Sasa hamishia geji kabla ya chujio. Kabla yake presha ni nzuri na baada yake imeanguka kwa zaidi ya theluthi ya bar, badilisha chujio ukalale. Pande zote mbili ni chini, chomoa hozi ya kuvutia uitumbukize kwenye dumu la dizeli safi lililofungwa imara, kisha rudia. Presha ikirudi, tatizo liko nyuma: wavu wa tenki, tundu la pumzi kwenye mfuniko, au hozi yenye ufa usioonekana. Ufa wa upande wa kuvuta hauvuji mafuta, unavuta hewa. Kipande cha hozi ya plastiki angavu kitakuonyesha mapovu. Tusisahau kwamba ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya bahari. Hewa ya hapa inaisukuma dizeli kutoka tenkini kwa nguvu pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo bomba lililobonyea kidogo linatusumbua sisi mapema.

Dumu lisipobadilisha kitu, bana kidogo hozi ya kurudisha. Presha ikiruka, pampu ndogo ni nzima na springi ya vali ya kurudishia ndiyo imelegea. Kuna wanaoivuta ile springi iwe ndefu. Inafanya kazi wiki mbili, nunua vali. Isiporuka, fungua pampu ndogo uangalie vali zake mbili, pistoni na kijiwavu chake. Kama ni ile ya kiwambo inayofungwa kwenye bloku, chomoa pia kijiti cha oili: oili imepanda na inanuka dizeli, kiwambo kimechanika na injini isiwashwe tena.

Kwa malori mapya ya komoni reli, ambayo bomba moja la presha kubwa hulisha nozeli zote, pimeni upande wa presha ndogo tu. Mabomba ya upande mwingine hubeba zaidi ya bar 1,000, na mchirizi wake hupenya ngozi.

Magari ya petroli yenye supachaja ya mkanda (kisukuma hewa kinachozungushwa na injini) ni machache hapa, ila hasara yake ni kubwa zaidi. Kwa mfumo ambao presha ya petroli hufuata ya hewa, lazima zipande pamoja: ikiwa ya msingi ni bar 3 na supachaja inasukuma 0.6, geji isome 3.6. Ikibaki 3, injini inapata mafuta pungufu na kichwa cha pistoni kinaungua. Pima pia umeme kwenye plagi ya pampu gari likivuta. Ukipishana na wa betri kwa zaidi ya nusu volti, tafuta waya au ethi kabla ya kununua pampu.

Namba za lori likiwa zima ziandikwe kwa rangi ndani ya mlango wa dereva: tarehe, kilomita, sailensi, mlimani. Fundi atakayekuja baada yetu atakuwa na cha kulinganishia.

Mafundi wa pampu na nozeli,
Igoma, Mwanza