Risala ya Klabu ya Historia na Jiografia kwa Mgeni Rasmi: Askari, Chui na Barafu ya Kibo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu Tabora, Mheshimiwa. Tumeambiwa uliwahi kuvaa kombati katika mji huu kabla sisi hatujazaliwa, kwa hiyo tumeona tusikuchoshe kwa orodha ya vyeti na vikombe. Mwaka huu klabu yetu imejifunza habari za Kibo, kilele cha juu cha Mlima Kilimanjaro, na wewe ukiwa mwanajeshi mstaafu tunaamini zitakugusa.

Wapo waliotucheka: watoto wa Unyamwezi, kwenye nchi tambarare ya miombo, mnahangaika nini na mlima wa Uchagani? Jibu letu la kwanza ni sarafu. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwazibia Wajerumani njia ya bahari, fedha kutoka Ulaya ikawa haiingii. Basi mwaka 1916 mafundi wakafua sarafu ya dhahabu ya rupia 15 hapa hapa Tabora, katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja yupo tai wa Ujerumani. Upande wa pili yupo tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima ambao wengi wanautambua kuwa Kilimanjaro. Mwezi Machi mwaka huo huo jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilipigana Latema na Reata, karibu na Taveta, kisha likaichukua Moshi. Tarehe 19 Septemba Wabelgiji, washirika wa Waingereza, nao wakaingia Tabora. Mlima ukabaki kwenye sarafu tu, wenye sarafu wakawa njiani wanakimbia.

Jibu la pili ni Mtemi Isike, mtawala wa hapa kwetu Unyanyembe. Januari 1893 alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake badala ya kutekwa na Wajerumani. Mwaka uliotangulia, huko Moshi, Mangi Meli, mtawala wa Kichaga, alikuwa amewashinda askari wao. Walirudi mwaka 1893 na nguvu kubwa zaidi wakamshinda, na mwaka 1900 wakamnyonga. Sisi tumezoea kuwasoma hawa wawili katika kurasa tofauti, kana kwamba hawakuishi wakati mmoja na kupambana na adui mmoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kilele chenyewe kilipewa jina la mfalme wa kigeni kabla hakijapewa jina letu. Tarehe 6 Oktoba 1889 Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller walifika juu, wakasimika bendera ya Ujerumani na kukiita kwa jina la Kaiser Wilhelm. Meyer akachukua na jiwe, akampelekea Kaiser huyo. Hapa tungependa kuizika hadithi moja inayosimuliwa sana, kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima huu kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886 juu ya mpaka ulioacha mlima upande wa Wajerumani, na Wilhelm akawa Kaiser mwaka 1888 tu. Hadithi ni tamu, lakini tarehe zinaikataa.

Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere, aliyesoma na baadaye kufundisha hapa Tabora, alisema katika Baraza la Kutunga Sheria kwamba tungependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 jambo hilo likafanywa na mwanajeshi: Luteni Alexander Nyirenda, aliyesomea uofisa Sandhurst, Uingereza, alipandisha bendera mpya na mwenge. Kilele cha mita 5,895 kikaitwa Uhuru. Kwa kweli wengi wetu tulimjua Luteni huyu kama jibu la mtihani tu.

Huko juu hawakufika watu peke yao. Mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch, ambaye kabla ya kuwa mmisionari alikuwa ofisa katika jeshi la Urusi, alimkuta chui aliyekauka kwa baridi karibu na ukingo wa kreta. Alikata kipande cha sikio akaondoka nacho. Klabu ilifanya mdahalo: chui alifuata nini? Wengine walisema alimfuata mnyama akapotea, na mwanachama mmoja akashikilia kwamba chui hapotei. Mwalimu alituachia hivyo hivyo. Mwaka 1962 msafiri Mwingereza Wilfred Thesiger na wenzake, nao wakiwa juu ya theluji, waliona mbwa mwitu watano. Hao nao hatujui walifuata nini.

Lililotusumbua zaidi ni barafu. Mwaka 1912 ilifunika kama kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2007 zilibaki zisizofika mbili. Tulidhani inayeyuka tu kama barafu ya kwenye glasi. Kumbe hewa ya juu imekuwa kavu, theluji mpya ni haba, na sehemu ya barafu hugeuka mvuke bila hata kupitia maji. Tulidhani pia kwamba mito ya kule inaitegemea barafu hiyo, kumbe maji mengi yanatoka kwenye msitu ulioko chini yake, unaopokea mvua na kunasa ukungu. Moto unapounguza miti ya juu, maji ndiyo yanayopotea. Hapo ndipo tulipogeuka na kuitazama miombo yetu, inayokatwa kila msimu kwa kuni za kukaushia tumbaku. Wazazi wetu wengi ni wakulima wa tumbaku, na ada zetu zinatoka humo, kwa hiyo hatukuja kumlaumu mtu. Tumeanza kitalu cha miti nyuma ya bwalo, ila kisima cha shule hukauka kila kiangazi na miche inakufa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, safari ya Kilimanjaro hatuiombi, bei yake tunaijua. Tunaomba tangi la kuvunia maji ya mvua kwa ajili ya kitalu, pamoja na kipimamvua. Tunaomba pia utukutanishe na wanajeshi wastaafu waliobaki hapa mjini, hasa waliokuwa vijana mwaka 1961, tuwarekodi wakiwa bado wana nguvu ya kusimulia. La mwisho ni dogo kwako na kubwa kwetu: boma la zamani la Wajerumani lipo katika eneo la jeshi, na sisi tunalipita kwa mbali tu. Utuombee kibali cha kuingia, hata kwa saa moja. Majina ya wanachama na ya walimu watakaotusimamia tumeyaambatanisha.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Historia na Jiografia, Tabora