YAH: Malalamiko kuhusu kivuko cha reli cha sokoni kinachonasa mikokoteni, maguta na bajaji

Kwa Mkuu wa Idara ya Njia, Kampuni ya Reli.

Ndugu Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi kamati ya wasafirishaji wa soko, pamoja na mafundi wa barabara tunaofanya nao kazi, tunalalamikia hali ya kivuko cha reli ya mita (ile ya zamani yenye upana wa mita moja) kinachokata barabara ya kuingia sokoni. Tumekwisha kutoa taarifa kwa mdomo kituoni. Kilichofuata ni viraka vya lami, na viraka hivyo ndivyo vinavyoongeza hatari.

Ukingo wa gurudumu la treni, yaani mdomo wa chuma unaoshuka upande wa ndani wa reli, una unene wa takriban milimita 30, hivyo mfereji wa kuupitisha, wenye upana wa milimita 60 hadi 65 kando ya reli, unatosha. Kwenye kivuko chenu kiganja kizima cha mtu mzima kinaingia. Sababu yake inajulikana: hakuna reli ya pili ya ndani ya kuzuia lami, na kila treni inapopita reli hudidimia kidogo na kuinuka, ukingo wa lami ukimeguka. Gurudumu la guta, ambalo ni la baiskeli, huzama humo na kunasa. Kuujaza mfereji lami si dawa, maana lami na mawe yakishikana humo yanaweza kuinua ukingo wa gurudumu na kuiangusha treni yenyewe.

Barabara pia inakata reli kwa mshazari. Gurudumu jembamba linataka kuvuka kwa pembe mraba, lakini mabega ya barabara ni finyu, msukuma mkokoteni hana pa kugeukia. Mvua ikinyesha, chuma kinateleza na bodaboda zinaanguka hata kwa mwendo wa taratibu.

Kubwa kuliko yote ni muda. Kutoka mstari wa kusimama, mita 3 kabla ya reli, hadi mkokoteni mzima uwe salama mita 3 upande wa pili, ni kama mita 11. Mkokoteni uliojaa viazi huenda mita 0.7 kwa sekunde. Ukiongeza sekunde 4 za kuung'oa pale uliposimama, jumla ni sekunde 20. Treni ya kilomita 50 kwa saa hukata mita 280 katika muda huo. Vibanda vilivyojengwa ndani ya hifadhi ya reli vinamwachia mvukaji mita 100 tu za kuona, yaani sekunde 7. Dereva wa treni ya mizigo hawezi kumwokoa, kwa kuwa anahitaji mita mia kadhaa kusimama. Na mlinzi wa geti huondoka saa kumi na mbili jioni, wakati mzigo wa soko huingia usiku.

Tunaomba kazi ifanyike hivi. Ng'oeni lami yote ya kivuko na kokoto zilizomezwa na tope, hadi sentimita 30 chini ya mataruma (mihimili ya kulaza inayobeba reli). Wekeni mtaro wa kutoa maji pande zote mbili kabla ya kurudisha kokoto mpya na kuzishindilia. Bila mtaro, tope litarudi msimu mmoja tu. Maungio ya reli yasiwe ndani ya kivuko, yachomelewe. Kisha fungeni mabamba ya zege au mpira juu ya mataruma badala ya lami. Uso wa barabara ulingane na kichwa cha reli hadi sentimita 60 nje ya kila reli, na katika mita 9 zinazofuata tofauti ya kimo isizidi sentimita 7.5. Mabega yapanuliwe ili maguta yanyooke kabla ya kuvuka.

Wakati hayo yakisubiri fedha, mambo matatu hayangoji: mlinzi wa geti wa usiku, kuondolewa kwa vibanda vinavyoziba macho, na amri ya mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kwa mwendo huo mita 280 zinakuwa 167.

Reli ya kisasa (SGR) ya Dar es Salaam hadi Morogoro, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, imejengewa madaraja ili magari yapite juu au chini yake. Hatudai daraja. Tunadai kivuko kinachovukika.

Tunaomba mhandisi wenu afike tukague pamoja siku ya gulio, na tujibiwe kwa maandishi tarehe ya kuanza kazi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Kamati ya Wasafirishaji wa Soko
Nakala: Ofisi ya Mtendaji wa Kata