Usiziuze hizo lenzi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili. Ile ya pili niliisoma roho ikiniuma, maana mwishoni unasema utaziuza lenzi zako zote tatu za kuzungusha kwa mkono kwa sababu umechoka kupoteza fokasi, picha ikakosa ukali. Subiri kwanza. Nikueleze nimekuwa nikihangaika na nini miezi hii minne.

Nimefunga laida juu ya kamera. Ni kiboksi kidogo kinachorusha mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga unagonga kilicho mbele, unarudi, nacho kinapima umetumia muda gani njiani. Mtu akiwa mita 3 kutoka kwenye kamera, safari ya kwenda na kurudi huchukua kama nanosekunde 20. Umbali ukishajulikana, mota yenye gia inaizungusha pete ya lenzi mpaka kwenye alama ya mita 3, kama vile mkono wako ungefanya. Lenzi haifunguliwi wala haitiwi waya.

Wapiga filamu walishakuwa na vipimaji vya mawimbi ya sauti zamani, ila vile vilikuwa vinakupa namba moja tu. DJI, ile kampuni ya Kichina ya droni na kamera, walipotoa kamera yao ya Ronin 4D mwaka 2021, laida yake ilikuwa na nukta 43,200 za kupimia, na ilifika mita 10. Focus Pro, kifaa chao cha fokasi cha mwaka 2024, kina nukta 76,800, na mtu kinampima hadi mita 20. Nukta zikiwa nyingi hivyo, mashine inapata umbo la chumba kizima, ikaweza kumtenganisha mtu na ukuta ulio nyuma yake.

Mimi kilichonishika ni giza. Autofokasi ya kawaida, yaani kamera kujitafutia fokasi, huisoma picha yenyewe, na picha ikikosa mwanga inakuwa haina cha kusomeka, ndipo unaiona lenzi ikienda mbele na kurudi nyuma ikitafuta. Laida inakuja na mwanga wake. Tulikuwa na onyesho la mwanamke anayeingia na mshumaa mmoja, anatembea kutoka mlangoni mpaka mezani. Niliweka lenzi ya milimita 85, tundu la kuingizia mwanga wazi kwenye 1.4. Unajua maana yake: kwenye kamera ya fremu kamili, yenye kihisi kikubwa kama filamu ya milimita 35, umbali wa mita 2, kinachobaki kikali ni sentimita nne na nusu hivi. Akigeuza shingo tu amekupotea. Nilisimama pembeni naitazama pete ikizunguka polepole, bila kusita, na kwenye skrini nikaziona kope zake moja moja tangu mlangoni hadi alipoketi. Zuhura, nilitaka kulia.

Lakini nisikudanganye kwamba unafunga tu na kupiga. Laida inajua umbali. Pete ya lenzi yako haiijui hata kidogo. Lazima uifundishe, na hapo ndipo kazi yote ilipo. Kwanza mota inaipeleka pete mpaka ukomo wa huku na ukomo wa huku. Kisha unabandika karatasi yenye mistari myeusi ukutani, unaanza na umbali mdogo kabisa wa lenzi, unaweka fokasi kwa jicho huku umeikuza picha kwenye skrini, unahifadhi. Unasogea, unahifadhi tena. Nukta nyingi zihifadhi kwenye umbali mdogo, kwa sababu pete haikugawanywa sawasawa: kutoka nusu mita hadi mita 1 inakula mzunguko mkubwa, na kutoka mita 5 hadi mwisho wa macho ni kipande kidogo tu. Tundu liache wazi kabisa wakati wa kuifundisha. Ukilifunga kila kitu kitaonekana kikali, nawe utahifadhi uongo.

Na usiziamini namba zilizoandikwa kwenye pete. Lenzi yangu kuukuu ya milimita 50 imeandikwa mita 2 mahali ambapo tepu ilinionyesha mita 2 na sentimita 11. Tena ina mlegezo: ukiifikia alama ukitokea karibu inakaa pengine, ukitokea mbali inakaa pengine. Nilitafuta kosa kwenye mota usiku kucha, kumbe ni hesi za ndani ya lenzi zimechoka. Siku hizi kila nukta naiendea kutoka upande mmoja.

Kuna siku nyingine nilipoteza picha sita mfululizo. Uso wa mwigizaji ulikuwa na ukungu, lakini nyuzi za kitambaa cha meza ungeweza kuzihesabu. Skrubu ya kishikizo ilikuwa imelegea kidogo, kiboksi kikainama, kikawa kinapima ukingo wa meza kwa uaminifu kabisa. Tangu hapo, kabla ya kila onyesho nakigusa kwa kidole kuhakikisha hakichezi. Kwa kuwa kinakaa shubiri moja juu ya lenzi, na kwa karibu macho yao hayatazami mahali pamoja, chini ya mita 1 nakuwa mwangalifu mara mbili.

Kioo kinakisumbua pia. Mtu akiwa nyuma ya dirisha, mara kinampima yeye, mara kinapima kioo. Mtu akionekana kwenye kioo cha kujitazamia, picha inataka umbali wa kwenda kwenye kioo ukijumlisha na wa kutoka kioo hadi kwake, na kwa hesabu hiyo sikitegemei. Moshi mzito na mvua vivyo hivyo. Hapo nazima, narudi kwenye gurudumu la mkononi, lile la kuizungusha pete mwenyewe.

Na gurudumu silitoi kamwe. Watu wawili wakizungumza, laida haijui kwamba anayenyamaza ndiye tunayetakiwa kumwona akisikia habari. Nani aangaliwe, na fokasi ihame kwa haraka gani, hilo bado ni la mtu aliyesoma hadithi. Mimi mashine naiachia kumfuata aliye kwenye mwendo, mihamo yote naifanya kwa mkono. Picha za namna hii bado zina pumzi ya binadamu, na zile lenzi zako zina rangi ambayo lenzi mpya hazinipi.

Basi nifanyie jambo moja. Chukua ile ya milimita 35, izungushe pete kutoka mwanzo hadi mwisho uniambie inageuka kiasi gani. Ikiwa ni nusu mzunguko au zaidi, mota itakuwa na nafasi ya kutosha kusimama kwenye alama. Ikiwa ni robo, itabidi tuifundishe kwa nukta nyingi zaidi na kwa subira. Angalia pia kama inagota kabisa kila upande, kwa sababu isipogota mota haitajua ilipoanzia. Niandikie, na ukipata nafasi njoo nayo tuifundishe pamoja. Tepu ninayo.

Wako akupendaye,
Saidi